Damu Iliyoandikwa Vaileth

Kikwe,
9 Februari 2025

Shangazi Eunike,

Shikamoo. Sisi huku tumeamka wote, na nadhani goti lako nalo limeamka, maana barua ya mwezi uliopita ilikuwa kurasa mbili za goti tupu.

Derick ameanza chekechea na tayari ametolewa kwenye mstari mara mbili kwa kuimba wakati wa sala. Reginald yuko porini na wageni tangu wiki iliyopita, atarudi akiwa na vumbi na hadithi za simba. Baba mkwe, Mzee Mika, amechaguliwa tena kuwa mzee wa kanisa, sasa anatembea mikono nyuma hata akienda kukata majani ya ng'ombe. Mama mkwe hajambo isipokuwa masikio, ambayo yanazidi kuwa mazito.

Umeniuliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Simu yangu ilitumbukia kwenye ndoo ya maziwa ikafa. Ya mama mkwe inapokelewa kwa spika kwa sababu hiyo hiyo ya masikio, kwa hiyo ukinipigia, salamu zako zinafika hadi kwa jirani. Barua atakuletea Lesikar, yule Mwarusha anayekusanya maziwa huku kwa pikipiki na kuyashusha Sekei. Ni mtu wa kuaminika, hasomi vya watu.

Mimi na tumbo langu hatujambo. Miezi sita sasa. Zahanati wanasema kila kitu kiko sawa.

Nina swali. Wewe unafanya kazi kwenye ule utafiti wa damu za wajawazito huko mjini. Mkishaichukua ile damu, mnatafuta nini hasa? Inaweza kuonyesha siri ya mtu, labda baba wa mtoto ni nani? Kuna mtu kaniuliza nikakosa jibu. Na miguu ikivimba jioni ni kawaida?

Msalimie mwenye nyumba wako na paka wake.

Mwanao,
Vaileth


Sekei,
16 Februari 2025

Mwanangu Vaileth,

Marahaba. Goti halijaamka vizuri, na ukilicheka tena nitakuandikia kurasa nne. Huku tunashukuru Mungu, maji yanatoka siku tatu kwa wiki, na yule paka amezaa kwenye sanduku langu la nguo.

Wewe ni mtu wa kwanza wa ukoo huu kuniuliza habari za kazi yangu bila kunionea huruma kwanza kwamba sikuolewa. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu, vumilia.

Mwilini mna askari wa kinga, hilo umeshalisikia zahanati. Askari hao wanapeana habari kwa vijumbe vidogo mno vya protini vinavyopita kwenye damu. Vinaitwa saitokini. Kuna saitokini za kupiga kelele kwamba adui kaingia, na kuna za kutuliza, kwamba huyu ni wetu, mwacheni. Mama akibeba mimba, za kutuliza zinatakiwa zisikike zaidi, kwa sababu nusu ya mtoto imetoka kwa baba na askari wa mama hawaijui.

Sasa njoo kwenye mishipa. Ile mishipa inayopeleka damu kwenye kondo la nyuma lazima itanuke, kama mnavyotanua mfereji wenu kabla ya zamu ya maji. Anayetanua ni kondo lenyewe likisaidiwa na hao hao askari, na wanaelekezwa na saitokini. Kelele zikizidi, mishipa haitanuki inavyotakiwa. Kondo linakosa damu ya kutosha, linamwaga vitu vyake kwenye damu ya mama, na ukuta wa ndani wa mishipa unadhurika mwili mzima. Mishipa inakaza, presha inapanda, figo zinavujisha protini kwenye mkojo. Mwisho wa njia hiyo ni kifafa cha mimba, na kifafa cha mimba kinaua.

Sisi tunapima saitokini mapema ili tujue kama damu inaweza kutuonya kabla presha haijapanda. Bado hatujui. Nasema hivyo usije ukaitangazia kwaya nzima kwamba shangazi yako anatabiri.

Baba wa mtoto haonekani humo, mwambie huyo mtu alale usingizi. Hata majina hatuyaoni. Chupa zinakuja na namba na kata, basi.

Miguu kuvimba jioni ni kawaida kwa wengi. Lakini uso na mikono kuvimba asubuhi, kichwa kisichosikia dawa, macho kuona nyotanyota, au maumivu chini ya mbavu za kulia, hayo hayasubiri kesho. Hiyo sentensi isome mara mbili.

Shangazi yako,
Eunike


Sekei,
14 Machi 2025

Vaileth mwanangu,

Salamu kwa wote. Habari za ng'ombe sikuulizi leo.

Ukipata barua hii, nenda zahanati ukapimwe presha na mkojo. Usisubiri tarehe ya kliniki, usiseme unajisikia mzima, kwa sababu ugonjwa ninaouogopa humkuta mtu akijisikia mzima. Wakikwambia mashine imeharibika, nenda kituo kingine.

Usiniulize kwa nini. Kuna kitu nimekiona ambacho sikupaswa kukiona, na zaidi ya hapo siandiki. Nilipiga simu ya mama mkwe wako mara mbili. Mara zote nikaambiwa niseme tu, wote wananisikia, nikaishia kuuliza bei ya ndizi.

Sili vizuri. Nijibu upesi. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuja nikuone mwenyewe.

Eunike


Kikwe,
23 Machi 2025

Shangazi,

Shikamoo. Habari ya kwanza nikutoe wasiwasi. Nilikwenda zahanati siku ile ile niliyopata barua yako. Presha mia na kumi kwa sabini. Mkojo safi. Muuguzi alinicheka, akasema na nguvu nilizonazo ningeweza kulima. Kwa hiyo kula chakula chako kwa amani.

Mzee Mika kasikia unaulizia ndizi, amekukatia mkungu mzima, Lesikar anao. Anasema mtu wa mjini akiulizia bei mara mbili basi ana njaa. Derick ameacha kuimba kwenye sala, sasa anaimba kwenye hesabu. Reginald alikuja siku tatu akaondoka. Mvua zimeanza, na udongo wa huku unaujua, ukitoka nje unarudi na nusu ya shamba kwenye viatu.

Umesema utakuja Jumamosi. Usije, shangazi. Si kwamba hutakiwi. Nyumba ina wageni wa usharika, na ukija ghafla watu wataanza kuulizana, na mimi sitaki maulizo sasa hivi.

Hicho ulichokiona, uliona na jina? Na mtu mwenye hali hiyo unayoiogopa, tuseme yuko miezi saba, ana muda gani?

Mwanao,
Vaileth


Sekei,
28 Machi 2025

Vaileth,

Ndizi nimezipata, mshukuru Mzee Mika. Nimepika nikala mbili, nyingine nimewapa wapangaji.

Umeuliza ana muda gani. Mtu mwenye presha mia na kumi kwa sabini hana haja ya kuuliza hivyo. Nimeisoma sentensi hiyo hadi karatasi imelainika.

Sasa nitakwambia nilichokataa kukwambia, na wewe utaniambia unachokataa kuniambia. Januari ilikuja chupa yenye kata ya Kikwe. Saitokini ya kelele ilikuwa mara nne ya wenzake, ya kutuliza karibu haipo. Nikasema ni damu ya mapema, tungoje. Machi ikaja ya pili, namba ile ile, hali mbaya zaidi. Kikwe ina wajawazito wengi, lakini ya kwangu ni wewe. Nilishindwa kuvumilia. Muuguzi mkuu alipokwenda chai nikafungua faili la majina, jambo ambalo miaka kumi na moja sijawahi kulifanya, na ambalo watu wanafukuzwa kazi kwalo. Nikakuta jina lako.

Nikakuta na presha ya siku ya damu ya pili, mia thelathini na nane kwa themanini na nane. Bado kidogo tu ifike mahali ambapo wangemlaza. Muuguzi alimwambia arudi baada ya wiki moja. Hakurudi. Wamepiga simu mara tisa na namba haipatikani, ni ile simu yako iliyofia kwenye maziwa.

Halafu kuna jambo nililodhani ni makosa ya karani. Fomu inasema mimba ya kwanza. Mtu anaweza kukosea umri wake, lakini hawezi kusahau kwamba ameshazaa, na wewe una Derick.

Saitokini peke yake si hukumu, nilishakwambia bado tunajifunza. Lakini saitokini ile na presha ile kwa pamoja, halafu mtu ametoweka, mimi silali.

Damu ile ni ya nani, Vaileth?

Eunike


Kikwe,
7 Aprili 2025

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenifikia leo asubuhi. Daraja lilifunikwa na maji, Lesikar hakuja siku tisa, maziwa tumewanywesha ndama. Umeme nao umekatika tangu Ijumaa, simu zote za huku zimezima. Nimemwambia anisubiri getini nimalize kuandika, naye amekubali, anazunguka kwa njia ya juu.

Ni Aikaeli. Wifi yangu, mdogo wa Reginald, yule aliyeongoza wimbo kwenye harusi yetu ukasema ana sauti ya kumpigisha mtu magoti. Na hayuko Kikwe. Yuko Olasiti, hapo hapo mjini kwako, anashona sare za shule. Nyumba ina geti la kijani, nyuma ya ghala la mbao, chumba cha mwisho kulia. Wazazi wanajua ana kazi nyingi ndiyo maana haji Jumapili. Hawajui kitu kingine.

Aliyempa mimba alihamia Kahama na simu hapokei. Alipotaka kuanza kliniki, aliambiwa aje na mwenza, au alete barua ya mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti ni mtu wa kwetu, alikuwa darasa moja la kipaimara na Mzee Mika. Ile barua ingefika Kikwe kabla yake. Kadi yangu ilikuwa imeshaandikwa, Reginald alikuwa ameshakwenda na mimi mara ya kwanza, mimba zetu zimepishana wiki tatu tu. Nikampa. Zahanati nikasema ng'ombe amekula kadi, wakanicheka wakaniandikia nyingine. Niliona nimefanya jambo la akili sana.

Usiniambie ningesema kwa wakwe. Mwaka juzi binti wa jirani alipopata mimba, jina lake lilisomwa kanisani kwamba ametengwa. Aliyesoma ni Mzee Mika. Aikaeli alikuwa amesimama kwenye kwaya, nilimwona anavyoshika kitabu. Aliponiambia ya kwake aliniapisha, nikaapa.

Zile dalili zako nilizinakili nikamtumia. Alinijibu kichwa kinamuuma kwa sababu ya kushona, na uso umevimba kwa sababu halali. Nilitaka kumwamini, shangazi, nikamwamini. Na ulipotaka kuja nikakuzuia, kwa sababu ungenitazama usoni mara moja tu ungejua.

Naogopa. Nenda. Hata kama amekasirika, hata kama hafungui mlango, nenda.

Vaileth


Mjini, wodini,
12 Aprili 2025

Vaileth mwanangu,

Yuko hai. Nimeandika hilo kwanza ili uweze kusoma mengine.

Lesikar alinikabidhi barua Jumatatu saa saba mchana, madumu bado yamejaa. Nilisoma nimesimama, kisha nikapanda nyuma ya pikipiki katikati ya maziwa, goti likiwa limechomoza barabarani, tukaenda Olasiti. Mlango ulikuwa wazi. Aikaeli alikuwa amekaa kwenye cherehani, uso umejaa mpaka macho yamebaki mistari, anatafuta tundu la sindano kwa vidole. Nilipomsalimia aligeuza sikio badala ya uso. Alikuwa haoni, mwanangu. Na bado alikuwa anashona.

Presha ilikuwa mia sabini na nane kwa mia na kumi na nane. Tulikuwa bado pale mapokezi kifafa kilipomshika. Sitakuandikia kilivyokuwa. Walimchoma magnesiamu ya kuzuia kifafa, presha ikashushwa polepole, akaingizwa chumba cha upasuaji kwa sababu ugonjwa huu dawa yake ya mwisho ni kondo kutoka. Mtoto ni wa kike, kilo moja na gramu mia nne na hamsini, analia kama yule paka. Aikaeli alilala siku mbili bila kujua mtu. Jumatano jioni akaona mwanga wa dirisha. Leo anaona nyuso, na ananiita shangazi.

Sasa sikiliza mabaya yangu. Mapokezi niliwapa kadi aliyokuwa nayo, ya jina lako. Karatasi ya kukubali upasuaji nilisaini mimi, shangazi wa Vaileth, uongo kwa mkono wangu. Alipohitaji damu, kadi ilisema kundi B. Yeye ni O. Wanapima upya kila mara kabla ya kumwekea mtu damu, namshukuru Mungu kwa utaratibu huo, lakini mimi mtu wa maabara nilisimama pale nikasema kadi imekosewa. Sikusema kwamba jina limekosewa. Nilikuwa namlinda, kama wewe ulivyokuwa unamlinda, na tazama tulivyomlinda.

Damu ilikuwa pungufu, nikapiga ile simu ya spika, umeme ulikuwa umerudi. Nikasema yote isipokuwa la kadi, kwa sauti, kila mtu asikie. Mzee Mika alifika jioni ile na wanakwaya watatu wa kutoa damu, viatu vimejaa tope. Akauliza dirishani Aikaeli Mika yuko wapi. Akaambiwa hakuna mtu wa jina hilo. Nilikuwa nyuma yake. Ikabidi nimwambie aulizie jina lako.

Tangu hapo haongei na mimi isipokuwa jana. Alinivuta pembeni akasema karatasi zibaki zilivyo. Mtoto aandikwe wako, wewe unajifungua mwezi ujao, watakuzwa pamoja kama mapacha, Aikaeli atarudi kwenye kwaya, na hao watu watatu ameshawaapisha. Alisema kwa upole, kama mtu anayeomba maji.

Nilimweleza haiwezekani. Mwanamke aliyepata ugonjwa huu hatakiwi kuusahau, kwa sababu mishipa yake inaukumbuka. Mimba ijayo wanatakiwa wamwanzishie vidonge vya aspirini mapema na kumpima mara kwa mara. Hata asipozaa tena, presha na moyo vinamsubiri mbele kuliko wenzake, apimwe maisha yake yote. Faili likibaki lako, wewe utatibiwa ugonjwa usio wako, na yeye siku moja ataingia hospitali kama mtu ambaye hajawahi kuumwa. Safari ya pili huenda asipatikane mtu wa kupanda pikipiki ya maziwa. Mzee alinijibu kwamba mimi sina binti, na ni kweli.

Kazini nimemwambia daktari mkuu wa utafiti kwamba nilifungua faili. Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka kamati ikutane. Ningelifungua tena, ila ningelifungua Januari.

Sina mamlaka ya kufanya zaidi. Jina ni lako, mwanangu. Ukisema libaki, litabaki.

Eunike


Kikwe,
27 Aprili 2025, Jumapili jioni

Shangazi yangu,

Shikamoo, na pole kwa kukaa nyumbani. Reginald amerudi, amenisomea mwenyewe ujumbe wako kwamba mtoto amefika kilo moja na gramu mia saba na kwamba Aikaeli anashinda naye kifuani kama kangaruu. Derick anauliza kama mtoto mdogo hivyo ana meno. Mimi nimebakiza wiki tatu, presha napima kila Jumatano, safari hii kwa jina langu na mkono wangu.

Nitakwambia ukweli. Nilitaka kukubali. Mzee Mika alinikuta zizini, akarudia yale yale aliyokwambia, na nilimwona amezeeka kwa siku nne. Nikafikiria Aikaeli akipita njiani bila kunyooshewa kidole. Nikafikiria hata mimi, watu wasijue nilichofanya na kadi. Usiku kucha ilionekana ni jambo jema kabisa.

Asubuhi nilichukua barua yako nikamfuata kwenye shamba la kahawa, nikamsomea ile sehemu ya mishipa, yote, mpaka kwenye pikipiki ya maziwa. Kisha nikasema, "Baba, jina langu silitoi tena. Mara ya kwanza nilivyolitoa, karibu nimuue." Alikata tawi lililokuwa halina ubaya wowote, akaendelea na mti unaofuata.

Siku kumi na moja hakukaa mezani na sisi. Pasaka alikula peke yake, mama mkwe akimpelekea sahani na kuirudisha imejaa. Nilidhani nimeivunja nyumba hii. Alhamisi akaja jikoni akaniomba nimsomee tena, ile ya mishipa tu. Nikasoma. Akauliza hiyo aspirini inaanza mwezi wa ngapi. Nikamwambia mapema, kabla ya wiki ya kumi na sita, daktari ndiye atasema. Akaniambia nivae viatu.

Tulikwenda mjini mimi na yeye na Reginald. Alikula kiapo kwa wakili kwamba Aikaeli ni binti yake na kwamba kadi ilitumika isivyo, mimi nikaweka saini kwamba niliitoa. Tuligombezwa na kila mtu mwenye koti jeupe, na tulistahili. Faili limebadilishwa. Kwenye karatasi ya mtoto, mama ni Aikaeli. Mzee hakuingia wodini, alisema bado. Nikajua ana jambo.

Leo kanisani, wakati wa matangazo, yeye ndiye msomaji. Alisoma ya mavuno, alisoma ya mkutano wa akina mama, kisha akakunja karatasi akavua miwani. Mchungaji alimtazama. Mzee Mika akasema, "Binti yangu Aikaeli Mika amezaa, hajaolewa. Alikuwa tayari kufa kuliko mimi nijue. Kama kuna jina la kutengwa leo, anzeni na langu." Akashuka, akapita mbele ya viti vya wazee bila kukaa, akatoka nje.

Watu wamegawanyika. Wengine wamekuja kutupa pole kana kwamba tumefiwa, wengine hawajatusalimia. Mchungaji atakuja kesho. Sijui watamfanya nini, na yeye mwenyewe haonekani kutaka kujua.

Jioni hii nilimpigia Aikaeli kwa simu ya Reginald, nikamweleza yote. Nilimsikia mtoto akiguna kifuani kwake. Halafu akaniuliza swali moja tu, baba alilitaja jina lake?

Nikamwambia alilitaja lote, na la kwake nyuma yake.

Mwanao,
Vaileth